Amana Iliyofichwa Ndani ya Ukuta



Hapo ulipokaa, inua macho uitazame dari iliyo juu ya kichwa chako. Kama ni dari ya zege, jiulize: ni nani aliyeimwaga? Alitia mchanga wa wapi? Maji alipima, au alimimina tu? Chuma kilichomo ndani kimekaa mahali pake, au kimelala ovyo? Pengine hukuwapo siku hiyo. Pengine ulikuwapo lakini hukuangalia. Na hata ukitaka kujua leo, huwezi, maana lipu na rangi vimekwisha funika kila kitu. Nawe unalala chini yake, wewe na watoto wako, usiku baada ya usiku, kwa kumwamini mtu ambaye huenda hata jina lake hulijui.

Amana za fedha tunazijua. Mtu akikuwekea pesa, wewe wajua na yeye ajua, na siku akija kudai mtaonana uso kwa uso. Lakini iko amana nyingine, ambayo mwenye haki hajui kuwa ana haki, na mwenye kudaiwa anaweza kufa kabla ya kudaiwa. Hiyo ndiyo amana ya mjenzi. Dari huishi kuliko aliyeijenga. Wengi watakaokaa chini yake hawajazaliwa bado siku ile zege linapokorogwa. Je, mtu anaweza kumkhini asiyekuwapo? Hilo ndilo swali letu la leo, na kabla ya kulijibu, niruhusu nikusimulie kisa ambacho mwenye makosa ndani yake ni mimi mwenyewe.

KISA CHA MCHANGA WA PWANI

Mwaka 1994 mtaani kwetu tulijenga chumba cha madrasa. Fedha zilichangwa na watu wa msikiti, huyu shilingi zake, yule mfuko wake wa saruji, na kina mama wakatoa za kikoa chao. Mimi nilikuwa kijana niliyesoma kidogo, basi nikapewa kushika hesabu. Fundi wetu alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu, mtu wa maneno machache.

Mchanga wa shamba ulikuwa ghali, na lori lilikuwa halipatikani kwa siku unayoitaka. Pwani ilikuwa karibu. Kwa gari la ng'ombe na vijana wawili, mchanga ulikuja mweupe, safi, wa kupendeza macho, kwa bei ya kutupa. Fundi aliushika kiganjani, akauonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

Akaniambia, "Mwanangu, mchanga huu ni wa bahari, na bahari haisahau chake. Tukitia humu, iko siku itakuja kuudai."

Nikamjibu kwa adabu, lakini kwa kiburi cha ujana, "Mzee wangu, hizi nyumba za kale za mjini zimejengwa kwa mawe ya bahari hiyo hiyo, na zimesimama miaka mia na zaidi."

Mzee hakuwa na jibu, akanyamaza. Alikuwa mtu wa kulipwa kutwa, na mimi ndiye niliyeshika fedha. Dari ikamwagwa. Nilipotoa hesabu mbele ya jamaa, fedha zilibaki, nikasifiwa kwa uangalifu wangu, na nilifurahi sana kusifiwa.

Miaka kumi ikapita salama. Baada ya hapo ikaonekana mistari ya rangi ya kutu darini, imenyooka kama iliyopigwa kwa rula. Tukapaka chokaa. Mistari ikarudi, safari hii na ufa. Tukaziba kwa saruji, tukapaka tena. Hata usiku mmoja, katika mwaka wa ishirini na moja tangu kumwaga, bonge la zege la ukubwa wa sinia liliporomoka juu ya mkeka. Watoto walikuwa wametoka muda mfupi nyuma kwenda kusali Isha. Mkeka ulipasuka, na juzuu mbili zilizokuwa juu ya marafaa zilifunikwa na vumbi. Mtu hakuumia.

Nilisimama pale na taa mkononi nikitazama juu. Nondo zilikuwa nje, zimevimba na kuchanika tabaka tabaka kama gome la mti mkavu. Fundi alikuwa amekwisha kufa zamani, Mwenyezi Mungu amrehemu. Bahari ilikuwa imekuja kudai chake.

KWA NINI NYUMBA ZA WAZEE HAZIKUANGUKA

Hoja yangu ya mwaka 1994 ilikuwa na sura ya haki, na ndiyo maana ilimnyamazisha mzee. Basi tuitazame vizuri, kwa kuwa ndani yake mna somo kubwa.

Wazee wetu wa pwani walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Matumbawe yalichomwa juu ya kuni mpaka yakawa chokaa, chokaa ikalowekwa, ikachanganywa na mchanga na udongo. Katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yako maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, ingawa msikiti wenyewe ulitengenezwa upya baadaye. Kule Kilwa Kisiwani, ambako Ibn Battuta alifika mwaka 1331, Msikiti Mkuu una matao na kuba za chokaa na matumbawe, na baadhi zingali juu hata leo.

Vitu hivyo vyote vilikuwa na chumvi ndani yake. Lakini havikuwa na chuma. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haiendi mbali, vyumba vilikuwa vyembamba, upana wa hatua tatu au nne. Chumvi haikuwa na cha kula. Tena chokaa ina tabia nzuri: ikisha kupakwa, huvuta polepole hewa ya ukaa kutoka angani na kurudi kuwa jiwe. Miaka inavyopita, ukuta unazidi kukaza, maadamu paa halivuji na mwenye nyumba hachoki kuutunza.

Na hayo hayakuwa kwetu tu. Warumi wa kale walichanganya chokaa na majivu ya volkano ya Pozzuoli, wakajenga Pantheon ya Roma ambayo kuba lake, la upana wa mita 43, halina chuma hata kidogo na bado limesimama baada ya miaka 1900 hivi. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walieleza siri moja ya zege lao: ndani yake mna vipande vidogo vyeupe vya chokaa ambavyo watu walidhani ni uzembe wa kukoroga. Kumbe ufa ukitokea na maji yakaingia, vipande hivyo huyeyuka, na chokaa huganda ndani ya ufa na kuuziba.

Zege la leo ni jambo jingine. Saruji hii tunayoinunua kwa mifuko ilipewa hati ya uvumbuzi huko Uingereza mwaka 1824 na Joseph Aspdin, na baadaye watu wakatia chuma ndani yake. Ndoa hiyo ya zege na chuma ndiyo iliyotupa dari pana, madaraja na magorofa. Zege hubeba uzito, chuma huzuia lisikatike linapopinda. Zege jipya lina ukali kama wa magadi, na ukali huo hukivika chuma ngozi nyembamba isiyoonekana, isiyopitisha kutu. Chuma kikiwa ndani ya zege zuri kinaweza kukaa salama umri wa mtu na zaidi.

Lakini ngozi hiyo ina maadui wawili. Wa kwanza ni chumvi, ambayo huitoboa. Wa pili ni ile ile hewa ya ukaa: hupenya zege polepole na kuupoza ukali wake, mpaka ikifika kwenye chuma ngozi hufa. Tazama ajabu hii, ndugu msomaji. Hewa inayoupa nguvu ukuta wa chokaa ndiyo inayokifungulia mlango kutu katika ukuta wa zege na chuma. Na kutu ikishaingia, chuma huvimba mara mbili mpaka mara sita ya kilivyokuwa, na zege, ambalo haliwezi kuvutwa, hupasuka kutoka ndani.

Kwa hiyo wazee hawakuwa wajinga, wala mzee fundi hakuwa mshirikina wa bahari. Mimi ndiye niliyechukua desturi iliyo halali katika nyumba ya chokaa nikaipeleka katika nyumba ya chuma, nikajenga hoja juu yake. Kila kitu kipya huja na amana yake mpya. Anayekipokea kitu akaiacha amana yake, amepokea nusu.

JE, ASIYEJUA ANA LAWAMA?

Utaniambia, "Lakini hukujua. Nani angekulaumu?"

Nimelifikiri neno hili kwa miaka mingi, na nimeona kuwa kutojua kuna daraja tatu. Yuko asiyejua na hakuwa na njia ya kujua. Huyo lawama haimfikii. Yuko asiyejua kwa sababu hakuuliza, naye hakuuliza kwa kuwa alikisia jibu litamgharimu. Na yuko aliyeambiwa, akatafuta hoja ya kumshinda aliyemwambia. Mimi nilikuwa wa daraja ya tatu nikijihesabu katika ya kwanza.

Sasa fahamu kazi ya elimu katika mambo haya. Kila watafiti wanapogundua jambo, wanawahamisha watu kutoka daraja moja hadi nyingine. Aliyemwaga dari kwa mchanga wa pwani kabla madhara hayajajulikana ana udhuru. Leo jambo hili limeandikwa katika vitabu vya ujenzi na limo katika kanuni za kazi. Udhuru umekwisha. Ndiyo maana nasema elimu si pambo la wenye shahada. Elimu hupandisha dhamana ya kila mtu, hata yule ambaye hakuisoma ila angeweza kuuliza.

Na wala usidhani haya ni ya mikeka iliyopasuka tu. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa, jengo la ghorofa nyingi lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka asubuhi, na watu zaidi ya 30 wakafa, wakiwamo watoto waliokuwa wakicheza karibu nalo. Tarehe 6 Februari 2023, kabla ya alfajiri, tetemeko la nguvu ya 7.8 liliipiga Uturuki na Syria. Nchini Uturuki pekee walikufa watu zaidi ya 50,000, wengi wao vitandani mwao. Tetemeko ni amri ya Mola. Lakini wataalamu waliokagua vifusi walikuta zege dhaifu, nondo laini zisizoshika, na kazi iliyofanywa kinyume cha sheria. Sheria nzuri zilikuwapo, na zilikazwa baada ya tetemeko la mwaka 1999 lililoua watu zaidi ya 17,000. Kisha mwaka 2018 ikatoka ruhusa kwa wenye majengo yasiyo na vibali kulipa ada na kuandikishwa. Karatasi ikawa halali, na zege likabaki vile vile. Ardhi ilipotikisika haikusoma karatasi.

Katika Qur'ani iko sura nzima, Al-Mutaffifin, iliyopewa jina la wapunjao vipimo. Tukiisoma, akili zetu huenda moja kwa moja kwa muuza duka na mizani yake. Lakini ni kipimo gani kinachopunjwa kwa urahisi kuliko kipimo cha saruji ndani ya nguzo? Anayepunjwa sukari hurudi dukani kugomba. Anayepunjwa saruji halijui jambo hilo mpaka siku ambayo hawezi tena kugomba.

Hapa nina neno kwa nyumba nyingi za pwani zenye ndugu waliosafiri. Kijana yuko Maskati, au Dubai, au London. Anaamka usiku kufanya kazi, anatuma fedha za kujenga nyumba ya mama. Aliyeko nyumbani ndiye anayesimamia. Mifuko kumi inahesabiwa kumi na tano. Picha inatumwa, ukuta umepakwa rangi nzuri, kaka anafurahi. Ewe ndugu uliyepewa usimamizi huo, hukumwibia kaka yako mifuko mitano tu. Umemwekea mama yenu hatari juu ya kitanda chake, ukamwacha aishukuru.

MOSHI AMBAO HATUUONI

Iko sehemu ya pili ya amana hii, nayo imefichika zaidi.

Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa na udongo katika tanuri la moto wa nyuzi 1450 hivi. Jiwe la chokaa likiungua hutoa hewa ya ukaa iliyofungwa ndani yake tangu zama za kale. Zaidi ya nusu ya hewa hiyo inatoka katika jiwe lenyewe, na iliyobaki inatoka katika moto. Hivyo hata ukibadilisha kuni au makaa, jiwe bado litatoa yake. Kwa wastani, kila mfuko wa kilo 50 huacha nyuma yake angani karibu kilo 30 za hewa hiyo. Ulimwengu hutengeneza tani bilioni 4 hivi za saruji kila mwaka, na kazi hiyo huleta kama sehemu 7 au 8 katika kila 100 za hewa ya ukaa itokanayo na shughuli za binaadamu. Hewa hiyo ndiyo inayozidisha joto la dunia na kuinua bahari, na sisi watu wa visiwani na mwambao tunayaona maji ya chumvi yakiingia katika mashamba na visima vyetu.

Tazama jinsi makosa haya mawili yanavyofanana. Madhara hayaonekani siku ya kujenga. Mwenye kudhurika hayupo. Na mwenye kufaidika ameshika fedha mkononi.

Hapa wengine husema, "Moshi huo si wetu. China peke yake hutengeneza karibu nusu ya saruji ya dunia, na nchi tajiri zilijenga miji yao zamani bila kumwuliza mtu. Mwacheni Mwafrika naye ajenge." Neno hili lina haki kubwa, nami silipingi. Anayehitaji nyumba, hospitali na daraja ana haki ya kuvipata, na mzigo mkubwa ni wa aliyechafua zaidi. Lakini kudaiwa kidogo si kutodaiwa. Tena utafiti wenyewe unatuonyesha kuwa katika jambo hili maslahi yetu na haki ya wengine vimekaa upande mmoja.

Nitakupa mfano. Katika chuo kikuu cha ufundi cha Lausanne, Uswisi, mtaalamu Karen Scrivener na wenzake, pamoja na Fernando Martirena wa Cuba na watafiti wa India, walitengeneza saruji ambayo karibu nusu yake tu ndiyo iliyopita katika lile tanuri kali. Sehemu 30 katika 100 ni udongo wa mfinyanzi uliochomwa kwa nyuzi 700 hadi 850 tu, sehemu 15 ni jiwe la chokaa lililosagwa bila kuchomwa, na iliyobaki ni jasi. Hewa ya ukaa hupungua mpaka sehemu 40 katika 100. Viwanda vya udongo wa kuchoma vimekwisha anza Amerika ya Kusini na Afrika Magharibi. Na jambo linalotuhusu sisi wa pwani ni hili: zege la saruji hiyo huzuia chumvi kupenya vizuri kuliko zege la kawaida. Udongo unaofaa ni ule wenye kaolini, nao si mgeni kwetu. Vilima vya Pugu, karibu na Dar es Salaam, vinajulikana kwa udongo huo mweupe.

Wako pia wanaochunguza majivu ya makumvi ya mpunga, ambayo yakichomwa kwa kiasi na kusagwa huweza kushika nafasi ya sehemu ya saruji. Na huko Delft, Uholanzi, Henk Jonkers alitia ndani ya zege vijidudu visivyodhuru pamoja na chakula chao. Hulala humo kama mbegu. Ufa ukiingia maji huamka, na kazi yao hutoa chokaa inayouziba. Ukitazama vizuri, elimu hii mpya inazunguka na kurudi pale walipokuwa wazee: majivu, udongo, chokaa, na ukuta unaojiponya.

Lakini usikae kungoja vijidudu vya Uholanzi. Dari ya madrasa yetu tuliivunja tukaijenga upya. Maana yake, kwa chumba kimoja, katika miaka ishirini na moja, tulitumia saruji mara mbili, tukatoa moshi mara mbili, tukachimba mchanga mara mbili, na kifusi tukakitupa. Lau ningemsikiliza mzee, dari ile ile ingekuwapo hata leo. Basi nyumba inayodumu ndiyo isiyochafua, na anayejenga kwa uaminifu amelinda jirani wa chini yake na jirani wa mbali kwa tendo moja. Wala hakuna haja ya kuchagua baina ya haki hizi mbili.

"SISI NI MASIKINI"

Najua utakaloniambia. "Maneno haya ni ya wenye uwezo. Mimi nina fedha za mifuko ishirini, na watoto sita."

Nakuheshimu, ndugu yangu, na sitaki kukutwika usichoweza. Lakini tuhesabu pamoja. Mambo mengi yanayoua zege hayatokani na uhaba wa fedha. Mengine hata ni bure. Kuzidisha maji ili zege liwe jepesi kusukuma ni kosa lisilompa mtu faida yoyote ila kupumzika mikono. Mfuko wa kilo 50 unatosheka na lita 25 za maji au chini yake, pamoja na yale yaliyomo tayari katika mchanga. Maji yanayozidi hukauka baadaye na kuacha vitundu, na vitundu hivyo ndiyo njia ya chumvi. Kulinywesha zege maji safi kila siku kwa wiki moja kamili baada ya kumwaga kunataka ndoo na mtoto mtiifu. Kuziinua nondo kwa vile vipande vidogo ambavyo mafundi huviita biskuti, ili zikae sentimita 5 ndani ya zege kwa nyumba iliyo karibu na bahari, kunataka kuangalia tu.

Mchanga ndio wenye gharama, na hapo ndipo palipo mtihani. Kisiwani kwetu mchanga mzuri umekuwa haba na mashimo yake yamekula mashamba. Kama huna njia ila kungoja, ngoja. Na kama fedha ni za vyumba vitatu dhaifu au chumba kimoja madhubuti, jenga kimoja. Mwache mwanao aje aongeze cha pili juu ya msingi usiomwonea haya. Kwani ni masikini huyo huyo asiyeweza kujenga mara mbili. Tajiri akikosea huvunja. Masikini akikosea hukaa chini ya kosa lake.

Na mwenye uwezo naye ana mtihani wake, nao ni israfu. Nguzo nne nene mbele ya baraza zisizobeba kitu ila sifa, vyumba kumi kwa watu watatu, nyumba iliyofungwa mwaka mzima ikimngoja mwenyewe aliye ng'ambo. Zege hilo nalo limetoka katika tanuri lile lile, na moshi wake uko juu ya kichwa cha mtu asiyekuwa na hata chumba.

Wako pia watakaosema, "Likiandikwa kuanguka litaanguka." Kweli. Lakini mimi niliyetia mchanga wa pwani siwezi kulitumia neno hilo, kwani sikumtegemea Mungu siku ile, nilitegemea bei. Tawakkul huja baada ya kumfunga ngamia. Asiyemfunga, kisha akasema ametegemea, amempa Mola wake lawama ya uvivu wake.

NENO LA MWISHO

Tumeanza kwa kuuliza kama mtu anaweza kumkhini asiyekuwapo. Nadhani sasa jibu unalo. Huyo ndiye rahisi kuliko wote kumkhini, kwa kuwa hasemi, hatazami, wala hagombi. Na kwa sababu hiyo hiyo haki yake ni nzito zaidi: hana wakili ila dhamiri ya mjenzi na Mola anayeona kilichomo ndani ya ukuta kabla ya lipu.

Basi siku utakapojenga, hata ikiwa ni choo au kisima, nenda mwenyewe siku ya kumwaga. Uonje mchanga. Hesabu mifuko. Umuulize fundi, na akikuambia neno usilolipenda, usimtafutie hoja. Nawe fundi, ukiona kosa, sema mara ya pili. Mzee wetu alisema mara moja akanyamaza, nami sikumpa nafasi ya pili; kosa lilikuwa langu zaidi kuliko lake, lakini laiti angesema tena.

Chumba kile cha madrasa tulikimwaga upya kwa mchanga wa shamba uliooshwa. Siku ile, kabla ya kuanza, niliwaita watoto wakubwa wa chuo, nikawaeleza yote niliyokueleza wewe, pamoja na hesabu niliyosifiwa kwayo. Mmoja wao aliniuliza, "Maalim, hii itadumu miaka mingapi?" Nikamwambia, "Inshaallah, mpaka mjukuu wako asome humu, asijue hata jina la aliyeijenga."

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wenye kuzitunza amana, zinazoonekana na zisizoonekana. Amin.